Kanuni ya Kumi na Nne

Koti lilifika kabla ya kitu kingine chochote. Gari lilikuwa bado Nairobi, mtoto hajajua hata atapewa namba gani, lakini Sydney alikuwa ameshashonewa koti jekundu lenye herufi za manjano mgongoni: MKURUGENZI WA TIMU. Timu yenyewe ilikuwa watu watatu. Kulikuwa na Nanjala, binti wa miaka kumi na sita, ambaye ndiye aliyeendesha. Kulikuwa na Sydney, baba yake, muuza vipuri vya pikipiki, ambaye kazi yake ilikuwa kuvaa koti. Na kulikuwa na Immaculate, mama mtu, karani wa serikali, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma karatasi ambazo mumewe alizitia sahihi bila kuzitupia jicho.

Huo ulikuwa msimu wa kwanza wa mashindano ya taifa ya vijana ya magari ya kiti kimoja, vile vigari vifupi visivyo na paa, magurudumu nje, dereva amelala kama mgonjwa kwenye machela. Kabla ya hapo hakuna mtu mtaani Amalemba aliyewahi kukiona hata kimoja. Kufikia raundi ya pili, kila mwanamume aliyekaa kwenye benchi la kinyozi alikuwa mtaalamu wa breki na kona. Wale wale walioshindwa kulipeleka gari la maziwa hadi Butere bila kuliingiza mtaroni sasa walimsimamisha Nanjala njiani wamfundishe kuendesha.

Waandaaji walikuwa na magari kumi kwa vijana kumi, na raundi zilikuwa nne. Mwisho wa msimu, wanne wa kwanza wangebaki na viti vyao mwaka mwingine, gharama zote juu ya waandaaji. Sita waliobaki wangepigiwa makofi na kurudishwa kwao. Baada ya raundi tatu Nanjala alikuwa wa tano, nyuma kidogo tu ya mvulana wa Eldoret aliyeitwa Kipngeno. Akimaliza raundi ya mwisho mbele ya Kipngeno, kiti ni chake. Akimaliza nyuma, basi, ni kurudi kuendesha pikipiki ya baba yake kwenda kununua mkate.

Na hiyo raundi ya mwisho ilipangwa kufanyika hapo hapo Kakamega, kwenye uwanja mdogo wa ndege. Sydney alipopata habari alizunguka mtaa mzima akitangaza kana kwamba lami ile aliimwaga yeye. Immaculate alikaa kwenye kiti akashika tama. Nairobi ilikuwa mbali, Nakuru ilikuwa mbali, lakini kutoka Malinya hadi uwanja ule ni safari ya bodaboda moja, na Malinya ndiko walikokuwa watu wa Sydney.

Immaculate hakuwapenda watu wa Malinya na hakuwahi kujisumbua kulificha hilo. Yeye alizaliwa Butere kwa mwalimu mkuu, nyumba yenye vitambaa vya kufuma juu ya kila kiti, akaolewa kwa watu ambao Jumamosi yao ni kukimbia nyuma ya fahali wakipuliza filimbi. Alipokuwa akiwasimulia wenzake ofisini kuhusu familia ya mumewe, alisema ni wafugaji, akanyamaza hapo.

"Wasikuje," alimwambia mumewe Jumapili ile baada ya kanisa. Akamfungulia kitabu cha kanuni za mashindano, ukurasa wa kanuni ya kumi na nne, akamsomea polepole kama anayemsomea mtoto wa chekechea. Mtu wa timu, au jamaa wa dereva, akiingia kwenye njia ya magari wakati wa mbio, dereva huyo anafutwa. Hakuna kusameheana. "Baba Nanjala, unawajua watu wenu. Hawawezangi kukaa nyuma ya kamba."

Sydney alisema amesikia. Alisema hata yeye alikuwa amefikiria hivyo hivyo. Kisha akatoka nje, akaenda kusimama karibu na tangi la maji, akampigia baba yake simu akamwambia aje na watu, wasipungue arobaini, na ngoma za isukuti zote tatu. Kuhusu kanuni hakumwambia neno. Mtu aliyevaa koti kama lile angeanzaje kumwambia mzee kwamba kuna mahali ambapo mkurugenzi haamui?

*

Mzee Shivachi, baba yake Sydney, alikuja Amalemba siku ya Alhamisi, kuku kwapani. Alikaa nje kwenye kigoda, mbali na mlango, kama alivyokaa miaka yote kumi na minane tangu Immaculate aolewe. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, hawakaribiani. Hiyo ni heshima ya kwao na mzee hakuwahi kuipunguza hata kidogo. Immaculate alimwamkia kutoka mlangoni, akamtuma Nanjala ampokee kuku, akashukuru moyoni kwamba kuna mila moja ya Malinya inayomfaa. Mzee alinuka ng'ombe.

Alinuka ng'ombe ingawa mwaka huo hakuwa na fahali. Yule wake wa mwisho, Kamishna, aliyewahi kushinda mapambano saba mfululizo, mzee alikuwa amemuuza mwezi Januari. Hakuna aliyemwomba. Alisikia tu kwamba mtoto anahitaji kofia ngumu na suti isiyoshika moto, akamtoa Kamishna zizini asubuhi na mapema, na jioni akaleta bahasha. Sydney aliipokea. Kwa majirani alisema kofia ile imetoka kwa mfadhili.

"Mwaka huu fahari wangu ni huyu mtoto," mzee alisema, akimtazama Nanjala. "Sasa niambie. Huyo wa Eldoret ana nguvu gani?"

Nanjala alichuchumaa karibu naye akamchorea njia ya magari kwa kijiti kwenye vumbi. Alimwambia Kipngeno ni mwepesi kwenye sehemu iliyonyooka lakini anaogopa kona ya pili, ile iliyo karibu na kichaka. Mzee alisikiliza kwa makini, akiuliza maswali ambayo Sydney hakuwahi kuyauliza msimu mzima: tairi zikipata joto zinashikaje, mguu unachoka wapi, anapumua saa ngapi. Mwishowe akauliza kama Kipngeno akigeuka itakuwaje.

"Hageukangi, kuka," Nanjala alicheka, akimwita babu kwa lugha ya kwao. "Wote tunaenda upande mmoja."

Hapo ndipo mtu alipokaribia zaidi kumweleza yule mzee jinsi mbio zinavyokwisha. Immaculate alikuwa mlangoni, anajua kanuni zote thelathini na mbili kwa kichwa, na aliyasikia yote. Angeweza kusema neno moja. Lakini kusema neno kungekuwa kukubali kwamba wanakuja, naye alikuwa ameshaamua hawaji. Akarudi jikoni kumtazama kuku.

*

Siku ya mbio ngoma zilimfikia kabla ya watu kuonekana. Immaculate alikuwa amekaa kwenye hema la wazazi, amevaa gauni la samawati na viatu vya kisigino vilivyozama kwenye nyasi, aliposikia isukuti zikija kutoka upande wa barabara. Alimtazama mumewe. Mkurugenzi wa timu alikuwa ameinama anafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Walikuja zaidi ya sitini, majani kichwani, filimbi mdomoni, jina la mtoto wake katikati ya wimbo. Mbele yao alitembea mzee Shivachi amevaa koti lake refu la mvua, fimbo mkononi, kimya, kama anavyotembea mwenye fahali. Walinzi wakawaonyesha kamba kwenye kona ya pili, karibu na kichaka, wakasimama nyuma yake kwa adabu. Immaculate aligeuza kiti chake akawapa mgongo.

Kando yake alikaa Jerotich, mama yake Kipngeno, mwanamke mrefu mwenye miwani ya jua na chupa ya maji ya barafu. Akauliza kwa Kiswahili kizuri kama wale ni watu wao.

"Ni watu tu wa vijiji vya huku," Immaculate alisema. "Wanapendanga kelele."

Alilisema kwa wepesi, akatabasamu, akakubali biskuti. Hakuna aliyekuwa amemlazimisha.

Mbio zenyewe zilikuwa mizunguko kumi na mitano. Mizunguko kumi ya kwanza Nanjala alikaa nyuma ya Kipngeno kama deni, na mtangazaji, kijana mmoja aliyependa sauti yake kuliko mchezo, hakuacha kupiga kelele kwamba msimu mzima uko kati ya hawa wawili, hawa wawili tu, mmoja lazima ampe mwenzake njia. Spika zilikuwa nne na zilifika hadi kwenye kamba ya kona ya pili. Watu wa Malinya walimsikia vizuri. Ilikuwa habari waliyoizoea: wawili wanaingia, mmoja anatoka mbio.

Mzunguko wa kumi na moja Kipngeno aliingia ile kona kwa woga wake wa kawaida, Nanjala akajipenyeza ndani, tairi kwa tairi. Kipngeno akayumba, akatoka kwenye lami, akapita kwenye nyasi na vumbi lote likamfunika. Akarudi njiani mbali sana nyuma. Hema zima likasimama. Immaculate alijikuta amemshika Jerotich mkono, akauachia haraka. Nanjala alivuka mstari akiwa mbele, akaanza mzunguko wa kumi na mbili, na Sydney alikuwa juu ya kiti akijipiga kifua.

Sasa, kule Malinya fahali mmoja akigeuka na kutoka uwanjani, pambano limekwisha. Hakuna dakika za ziada, hakuna mzunguko uliobaki. Na papo hapo watu wa mshindi wanaingia, wanamzunguka, wanampiga mbavuni kwa majani, wanamwimbia hadi nyumbani. Kutoingia ni kumtukana mnyama na mwenyewe. Wale watu walikuwa wamemwona wa Eldoret ametoka uwanjani kwa macho yao. Wakaruka kamba, mzee Shivachi mbele, ngoma nyuma yake, wakajaa kwenye lami.

Nanjala aliwakuta pale kona ya pili. Alikanyaga breki hadi gari likakaa upande, likaburuzika, tairi zikitoa moshi, likasimama hatua tatu kutoka kwenye miguu ya babu yake. Mzee hakurudi nyuma. Alisogea, akainama, akaipiga ile pua ya gari kwa tawi la majani, mara moja kulia, mara moja kushoto, na wote wakaimba. Bendera nyekundu zilikuwa zinapepea uwanja mzima.

"Kuka, toka!" Nanjala alipiga kelele, kofia imefunguliwa usoni. "Haijaisha!"

Mzee alimtazama. Akazitazama zile bendera, akawatazama walinzi wanaokuja mbio. Akainua mkono wake na ngoma zikanyamaza.

*

Hema la wasimamizi lilikuwa na meza moja, viti vitano na feni isiyofanya kazi. Msimamizi mkuu alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka Nairobi, Bi Kemunto, mtaratibu, mwenye sauti ya kusoma taarifa za hali ya hewa. Alieleza mambo yalivyo. Mbio zikisimamishwa, matokeo yanahesabiwa kwa mzunguko wa mwisho uliokamilika, na kwa mzunguko huo Nanjala alikuwa mbele ya Kipngeno. Kiti ni chake. Lakini Bi Jerotich amelalamika kwamba walioingia njiani ni jamaa wa dereva, na mlinzi mmoja amemsikia dereva mwenyewe akimwita mzee yule kwa jina la nyumbani. Ikiwa ni kweli, kanuni ya kumi na nne inamfuta.

Mzee Shivachi alikuwa amesimama kwenye pembe ya hema kati ya walinzi wawili. Hakuna aliyempa kiti. Walimnyang'anya fimbo mlangoni, mikono yake ikawa haijui pa kukaa. Nanjala hakuwepo, madereva walizuiwa kwenye magari yao hadi uamuzi utoke.

"Bwana Sydney," Bi Kemunto alisema. "Unamfahamu huyu mzee?"

Sydney alilitazama paa la hema, akaitazama ile feni. Alikohoa. Alianza kueleza kwamba watu wa huku wana utamaduni wao, kwamba isukuti ni fahari ya kaunti, kwamba yeye kama mkurugenzi aliwahi kushauri uzio uwe mrefu zaidi. Bi Kemunto alimwacha aongee hadi maneno yakamwishia, kisha akamuuliza tena lile lile, kwa sauti ile ile.

"Ni mashabiki," Sydney alisema. "Siwezi kumjua kila shabiki."

Baba yake alikuwa umbali wa mkono mmoja. Immaculate alimtazama mumewe na koti lake, akamdharau kwa ukamilifu, kwa raha kabisa, kama mtu anayekunywa maji ya baridi baada ya kutembea juani. Miaka yote alijua ndani ya yule mwanamume hakuna kitu. Ikawa hata hajawahi kukosea.

"Na wewe mama," Bi Kemunto alisema. "Mtoto alimwita kuka. Kuka ni nani?"

Jerotich alikuwa amevua miwani. Immaculate aliiona karatasi mezani, aliona kalamu, na nyuma ya karatasi alimwona Nanjala akiamka saa kumi na moja mwaka mzima kukimbia hadi Shinyalu na kurudi ili shingo yake ipate nguvu ya kuvumilia zile kona. Kiti kile mtoto alikuwa amekishinda. Alikishinda kwa haki, mbele ya watu, mzunguko wa kumi na moja. Ati kipotee kwa sababu ya ngoma?

"Ni jina la heshima," alisema. "Kila mzee huku anaitwanga hivyo."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana lilimtoka laini. Bi Kemunto akamsogezea karatasi, akamwambia aandike maelezo yake kama mzazi, atie sahihi, na asiharakishe. Akarudia hilo la kutoharakisha. Immaculate aliandika mwandiko wake wa ofisini, mzuri, wenye nukta mahali pake. Alikuwa ameandika barua za watu wengine maisha yake yote na hakuwahi kukosa la kuandika.

Bi Kemunto aliichukua akaisoma kwa sauti, maana ndio utaratibu. "Mimi, mama mzazi wa dereva, ninathibitisha kwamba mzee huyu si jamaa yetu, hatuna uhusiano naye wa aina yoyote, na hatujawahi kumkaribisha nyumbani kwetu."

Hiyo ya mwisho hakuna aliyeiuliza. Immaculate aliisikia ikisomwa akashangaa ilitoka wapi. Ilikuwa imekaa ndani muda mrefu, inaonekana, ikingoja karatasi.

Kisha Bi Kemunto akamgeukia mzee na kumuuliza kama hayo ni kweli. Sydney alifunga macho. Mzee Shivachi aliwatazama wote wawili, mwanawe kwanza halafu mke wa mwanawe, bila hasira, kama anayewatazama ng'ombe wa mtu mwingine sokoni, akaona bei haimhusu.

"Vire wamesema ndiyo hivyo," akasema. "Mimi hawa watu siwajui."

"Na dereva?"

"Huyo mtoto nimemuona leo." Akamumunya midomo kidogo. "Anaendesha vizuri."

Turubai la mlangoni lilikuwa limefunuliwa. Nanjala alisimama pale, kofia mkononi, ameletwa na msimamizi mdogo aje kusikia uamuzi. Alikuwa amesikia ya kutosha. Bi Kemunto alimwambia kwamba hakufutwa, kwamba amemaliza msimu akiwa wa nne, kwamba kiti ni chake akikubali. Akamwambia hongera. Halafu akaikunja ile karatasi ya Immaculate mara mbili, akaifungia ndani ya faili, na tangu wakati huo hakumtazama tena mama yule usoni, ingawa waliketi mkabala mpaka mwisho.

Mzee alirudishiwa fimbo yake akaenda zake. Wakati wa vyeti jina la Nanjala liliitwa mara tatu. Hakuonekana. Mkurugenzi wa timu alipanda jukwaani akakipokea yeye, akainua mikono yote miwili, akapigwa picha.

*

Nanjala hakurudi nyumbani. Kesho yake majirani walisema ameonekana Malinya akikata nyasi. Immaculate alimtumia ujumbe, akampigia, akamtuma Sydney ampigie, na simu ililia tu. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo wangeweza kusema mtoto yuko likizoni kwa nyanyake, na ndivyo walivyosema, ingawa nyanya huyo alifariki miaka sita iliyopita na mtaa wote ulimzika.

Lakini kulikuwa na fomu. Waandaaji walitaka dereva mwenyewe atie sahihi kukubali kiti cha msimu wa pili, na mwisho ulikuwa Jumatatu. Baada ya hapo nafasi ingeenda kwa wa tano, na wa tano sasa alikuwa Kipngeno. Jumamosi asubuhi Sydney aliazima gari la rafiki. Alivaa koti. Immaculate alimtazama akivaa, akataka kusema kitu, akaona afadhali ahifadhi pumzi. Alibeba sukari kilo mbili na majani ya chai, yeye ambaye kwa miaka yote hiyo alikwenda Malinya mikono mitupu.

Boma la mzee lilikuwa tulivu. Siku hiyo kulikuwa na pambano la fahali uwanjani, ngoma zilisikika upande wa pili wa kilima, lakini mzee hakwenda, maana mtu asiye na fahali anakwenda kufanya nini? Nanjala alitoka nyuma ya nyumba na panga, magoti yamejaa matope. Hakuwaamkia. Alinyoosha mkono kwa baba yake akapewa fomu, akaiweka juu ya boneti ya gari, akaisoma yote, mstari kwa mstari, hadi sehemu za maandishi madogo. Kisha akatia sahihi.

Sydney alipumua kwa nguvu, akaanza kusema kwamba yeye alijua, kwamba damu ni damu, na kwamba msimu ujao timu itapata hema lake yenyewe. Nanjala alimrudishia kalamu. "Ni kuka ameniambia niandike," alisema. "Mimi nilikuwa nimekataa." Akachukua panga lake akarudi kwenye nyasi.

Hapo mzee Shivachi akatokea kutoka zizini. Alikuwa amelivaa lile koti refu la mvua ingawa jua lilikuwa kali. Immaculate aliinamisha kichwa na kurudi nyuma hatua mbili, kama kawaida, kumpa nafasi yake. Alikuwa amejiandaa njia nzima. Alijua atafokewa, labda atafukuzwa, na alikuwa na machozi yake tayari na maelezo yake tayari, kwamba ni kwa ajili ya mtoto, kwamba mzee mwenyewe ameona, kwamba hakukuwa na njia nyingine.

Lakini mzee hakufoka. Alimwambia Sydney pole kwa safari, akamuuliza kama barabara ni nzuri siku hizi huko wanakotoka. Alisema yule mtoto ni mzuri, ila kichwa chake ni kigumu. "Nirimwambia asiwache kiti yake kwa sababu ya wageni," alisema. Herufi za manjano zilikuwa zimeanza kubanduka mgongoni mwa Sydney.

Kisha mzee akamgeukia Immaculate. Akatembea kumjia moja kwa moja, akaupita ule umbali ambao kwa miaka kumi na minane hakuwahi kuupita, hata kwenye matanga, hata siku Nanjala alipozaliwa. Alifuta kiganja chake kwenye koti, mbele na nyuma, kisha akaunyoosha.

"Mulembe, mama," alimsalimia kwa adabu. "Mimi naitwa Shivachi. Sijui wewe ni wa nani."

Immaculate aliutazama ule mkono. Alingoja mumewe aseme kitu, na mumewe alikuwa anatazama tairi za gari. Mzee alikuwa bado ameunyoosha, bila haraka, kama mtu anavyomngoja mgeni ambaye pengine hajasikia vizuri. Sababu ya kuukataa ilikuwepo, ilikuwa moja tu, ule ukwe, naye alikuwa ameiandika mwenyewe kwamba haipo, akatia na sahihi. Aliweka sukari chini akaushika.